Tanzia Jukwaani, Hadhira Sinemani: Phèdre ya 2009 na Suala la Utendaji

Utangulizi

Jioni ya tarehe 25 Juni 2009, waigizaji wa National Theatre, jijini London, walipanda jukwaa la ukumbi wa Lyttelton kuigiza Phèdre, tanzia ya Mfaransa Jean Racine iliyotendwa kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 1 Januari 1677. Ukumbi huo una viti 890 hivi. Hata hivyo, hadhira ya jioni ile haikuishia katika viti hivyo. Zaidi ya majumba 70 ya sinema nchini Uingereza yaliipokea tamthilia hiyo kwa setilaiti wakati uleule ilipokuwa ikitendwa, na majumba mengine ya nchi za nje yaliipokea papo hapo au baadaye, kwa kufuata tofauti za saa. Jumla ya walioitazama ilikadiriwa kufika watu 50,000. Ili kuwapokea watu wote hao, ukumbi wa Lyttelton ungelazimika kujaa kwa usiku 56 mfululizo.

Tukio hilo lilikuwa mwanzo wa mpango uliopewa jina la National Theatre Live, na tangu hapo urushaji wa tamthilia kutoka jukwaani hadi sinemani umekuwa jambo la kawaida katika nchi nyingi. Wanahistoria wa teknolojia wanaweza kulieleza kwa habari za mitambo, na wachumi kwa habari za mapato. Kwa mwanafunzi wa fasihi, na hasa wa fasihi ya Kiswahili, suala lake ni jingine. Taaluma ya Kiswahili imejadili kwa miongo mingi uhusiano wa fanani na hadhira, na imeshikilia kuwa utendaji hukamilika pale wawili hao wanapokutana. Je, mtu aliyeketi katika jumba la sinema, umbali wa mamia ya kilomita kutoka London, alihudhuria tanzia ya Racine, au alitazama picha yake tu?

Swali hili halijibiki kwa kuitazama mitambo peke yake. Ni lazima kwanza ieleweke ni kazi ya aina gani iliyorushwa, kisha ni vipengele gani vya utendaji vilivyosafiri na ni vipi vilivyobaki nyuma. Neno tanzia linatumiwa hapa kwa maana iliyozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, yaani tamthilia yenye huzuni kuu, inayomwonyesha mhusika mwenye hadhi akiangamia kwa sababu ya kosa, tamaa au nguvu zinazomzidi.

Tanzia inayotegemea masikio

Kisa cha Phèdre ni cha kale kuliko Racine. Euripides alikitungia tamthilia ya Hippolytos iliyoshinda katika mashindano ya Athens mwaka 428 K.K. Seneca, Mrumi wa karne ya 1, naye akakitungia tanzia yake. Racine aliwasoma wote wawili. Katika tamthilia yake, Phèdre, mke wa Mfalme Thésée, anateswa na mapenzi kwa Hippolyte, mwana wa mumewe. Habari zinapofika kuwa mfalme amekufa, Phèdre anaikiri siri yake mbele ya kijana huyo. Mfalme anarejea akiwa hai. Yaya wa Phèdre, Oenone, anamsingizia Hippolyte kwa kutaka kumwokoa bibi yake, na mfalme, bila kuchunguza, anamwomba mungu wa bahari amwadhibu mwanawe. Kijana anaangamia. Phèdre anakunywa sumu, anaungama, na kufa.

Jambo la kuzingatia katika muundo wa kisa hiki ni kwamba tukio lake kubwa kabisa halionekani jukwaani. Dude linazuka kutoka baharini, farasi wanashikwa na hofu, gari linavunjika, na Hippolyte anaburutwa miambani. Yote haya hadhira huyapata kwa masikio, kutoka kwa Théramène, mlezi wa kijana huyo, anayerudi kumsimulia baba yale aliyoyaona. Masimulizi yake ni miongoni mwa kauli ndefu kabisa katika tamthilia hiyo. Kanuni za tamthilia za Ufaransa ya karne ya 17 zilidai umoja wa tendo, wa mahali na wa wakati, tena zilikataza vitendo vya kutisha kufanywa mbele ya macho ya watazamaji. Kwa hiyo tamthilia nzima, yenye mistari 1,654, hupita mahali pamoja na katika siku moja, na mambo makuu hutokea ndani ya maneno.

Wagiriki nao walikuwa na mazoea hayo. Mjumbe anayekuja kusimulia kifo kilichotokea nje ya jukwaa ni mhusika wa kawaida katika tanzia zao. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi kilichoandikwa katika karne ya 4 K.K., aliigawa tanzia katika sehemu sita: msuko, wahusika, usemi, fikra, nyimbo na mandhari ya kuonekana. Kati ya hizo aliiweka hiyo ya mwisho mbali kabisa na sanaa ya mshairi, akasema kuwa hofu na huruma zinapaswa kuamshwa na mpango wa matukio, hata kwa mtu anayesikia kisa bila ya kukiona.

Hapa ndipo ugumu unapojitokeza. Sinema ni sanaa ambayo imejijengea sifa kwa kuonyesha. Kwa kawaida, mtengenezaji wa filamu anayepata kisa chenye dude la baharini hulitafutia dude hilo picha. Kuipeleka Phèdre sinemani kulikuwa kuipeleka tanzia ya masikio katika nyumba ya macho.

Majaribio yaliyotangulia

Wazo la kuutoa utendaji nje ya ukumbi wake halikuanza mwaka 2009. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme mjini Paris, Clément Ader alitandika nyaya za simu kutoka jumba la Opera hadi mahali pa maonyesho, na watu wakapanga foleni kusikiliza waimbaji wasioonekana. Kila msikilizaji alishika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, na hivyo aliweza kuhisi sauti ikihama kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Huduma hiyo ilifanywa biashara mwaka 1890 kwa jina la Théâtrophone, ikadumu hadi 1932, wakati redio ilipokwisha kuchukua nafasi yake.

Jaribio lililokaribiana zaidi na lile la London lilifanyika Marekani mwaka 1964. Richard Burton alikuwa akiigiza Hamlet katika ukumbi wa Lunt-Fontanne, New York, chini ya uongozaji wa John Gielgud. Waigizaji walivaa nguo za kawaida, kama kwamba wamo mazoezini. Kwa kutumia mbinu ya kielektroniki iliyoitwa Electronovision, tamthilia hiyo ilirekodiwa mbele ya hadhira yake. Kisha tarehe 23 na 24 Septemba 1964 ikaonyeshwa katika majumba ya sinema yapatayo 1,000, mara nne tu, na ikaamuliwa kwamba baada ya hapo nakala zake ziharibiwe.

Uamuzi huo wa kuharibu nakala unastahili kutazamwa vizuri. Waandaaji walitambua kwamba jambo moja linaloitofautisha tamthilia na filamu ni kwamba tamthilia hupita. Anayeikosa ameikosa. Hawakuweza kurusha picha moja kwa moja katika majumba yote hayo kwa uwezo wa wakati ule, wakajaribu kuihifadhi sifa hiyo ya kupita kwa njia ya amri. Historia haikuitii amri yao. Burton mwenyewe alibaki na nakala, na baada ya kifo chake mwaka 1984 nakala hiyo ilipatikana na kutolewa tena kwa umma.

Teknolojia iliyoondoa kikwazo cha 1964 ilikuja na setilaiti, kamera za picha kali za kidijitali, na majumba ya sinema yaliyoacha mikanda ya filamu na kufunga vionyeshi vya kidijitali. Waliotangulia kuitumia kwa ukamilifu walikuwa watu wa opera. Tarehe 30 Desemba 2006, Metropolitan Opera ya New York ilirusha opera ya Mozart iitwayo The Magic Flute hadi katika majumba ya sinema. Opera ilikuwa na hadhira iliyotawanyika duniani na tiketi za bei kubwa. Kufanikiwa kwake kuliwapa moyo watu wa tamthilia, ingawa palikuwa na tofauti kubwa. Katika opera muziki hubeba hisia hata pale sura ya mwimbaji isipoonekana vyema. Katika tanzia ya Racine hakuna muziki. Kuna mtu, anasema, na mwingine anamsikiliza.

Jioni ya 25 Juni 2009

Mwongozaji wa Phèdre alikuwa Nicholas Hytner, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa National Theatre. Matini iliyotumika ilikuwa tafsiri ya mshairi Ted Hughes ya mwaka 1998, mwaka aliofariki. Hughes aliacha mizani kumi na mbili ya mstari wa Kifaransa na vina vyake, akachagua ushairi huru wa Kiingereza wenye maneno mazito na makavu. Helen Mirren alikuwa Phèdre, Dominic Cooper alikuwa Hippolyte, Margaret Tyzack alikuwa Oenone, Stanley Townsend alikuwa mfalme, na John Shrapnel alikuwa Théramène.

Utaratibu wa urushaji ulihitaji kazi ya pili ya uongozaji juu ya ile ya kwanza. Kamera kadhaa ziliwekwa ukumbini, na mwongozaji wa picha, akiwa mbele ya viwambo vyake, alichagua kila dakika ni picha ipi ipelekwe nje. Mazoezi ya kamera yalitangulia. Taa na sauti zililazimika kuzifaa hadhira mbili kwa pamoja: wale wa ukumbini, ambao wa mwisho wao alikaa mbali na jukwaa, na wale wa sinemani, ambao uso wa mwigizaji ungewafikia ukiwa na urefu wa mita kadhaa.

Ugumu mkubwa uliwakabili waigizaji. Sauti na mikono ya mwigizaji wa jukwaani hupimwa kwa mtu wa kiti cha nyuma. Kamera humpima kwa umbali wa mkono. Kinachoonekana kuwa cha kiasi ukumbini huweza kuonekana kimezidi kiasi kiwamboni, na kinachofaa kiwambo huweza kupotea ukumbini. Burton alikumbana na tatizo hilohilo mwaka 1964. Waliotoa jibu mwaka 2009 walikubaliana juu ya msingi mmoja: tamthilia isibadilishwe iwe filamu. Itendwe kwa ajili ya ukumbi, na kamera ziifuate.

Masimulizi ya Théramène yalikuwa mtihani wa msingi huo. Filamu ya kawaida ingeondoka jukwaani na kwenda ufukoni. Urushaji wa moja kwa moja haukuwa na ufuko wa kwendea. Ulichonacho mbele ya kamera wakati huo ni msimulizi na mfalme anayemsikiliza, baba aliyeomba kifo cha mwanawe na sasa analetewa majibu ya ombi lake. Kwa mtu wa ukumbini, nyuso hizo ziko mbali, naye huyajenga mandhari kwa maneno. Kwa mtu wa sinemani, kamera inaweza kumsogeza hadi karibu na uso, lakini haiwezi kumpa dude. Yeye naye analazimika kuliumba. Kanuni ya Racine ya kuficha tendo na kulitoa kwa maneno ilinusurika ndani ya nyumba ya macho, kwa sababu kamera ilinyimwa kitu kingine cha kuonyesha.

Matokeo yake yalichunguzwa. Taasisi ya Uingereza iitwayo NESTA iliwahoji watazamaji wa ukumbini na wa sinemani, na mwaka 2010 ikatoa taarifa iliyowashangaza wengi: watazamaji wa sinemani walieleza kuwa waliguswa kihisia zaidi kuliko wale waliokuwa ukumbini. Matokeo hayo yanapaswa kupokewa kwa tahadhari, kwani mtu anayeulizwa juu ya hisia zake hujibu pia juu ya matarajio yake, na huenda waliokwenda sinemani walitarajia kidogo. Hata hivyo yanatosha kuwazuia wanaodai kuwa kiwambo hakina budi kuiua tanzia.

Mwezi wa Julai 2009 kundi hilohilo liliipeleka Phèdre katika ukumbi wa kale wa Epidauros, nchini Ugiriki, ambao ngazi zake za mawe huchukua maelfu ya watu chini ya anga wazi. Katika kipindi cha wiki chache tamthilia moja ilipita katika nyumba tatu za hadhira: ukumbi uliofunikwa wa karne ya 20, majumba ya sinema yaliyotawanyika, na ngazi za mawe za karne ya 4 K.K. Msafara huo unaonyesha kuwa ukumbi wa viti mia nane, ambao leo huonekana kuwa makao ya asili ya tanzia, ni makao ya kipindi kimoja tu. Tanzia ya Kigiriki ilizaliwa kwa ajili ya umma mkubwa.

Mambo sita ya utendaji

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alieleza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Maelezo hayo yalikusudiwa ngano, mashairi, tendi na majigambo, lakini yanafaa sana kuipima tamthilia inayorushwa. Sehemu sita za Aristotle zinaieleza tanzia kama kazi iliyotungwa. Mambo sita ya Mulokozi yanaieleza kazi inapokutana na watu. Ni haya ya pili yanayoguswa na setilaiti.

Usiku ule wa Juni 2009 fanani alikuwa mmoja, na fani inayotendwa ilikuwa moja. Tukio, yaani onyesho la jioni hiyo, lilikuwa moja. Mahali palipasuliwa pakawa zaidi ya sabini. Wakati, kwa upande wa majumba ya Uingereza, ulibaki mmoja: Mirren alipovuta pumzi London, mtazamaji wa mji wa mbali alimwona akivuta pumzi hiyohiyo, na kama angesahau mstari, wote wangeona. Hatari hii ya kukosea mbele za watu ni sehemu ya kile ambacho watazamaji huita uhai wa jukwaa. Amri ya 1964 ya kuharibu nakala ilikuwa ikiitafuta, nayo setilaiti iliileta bila ya kuhitaji amri.

Jambo la sita, hadhira, ndilo lililojeruhiwa, na jeraha lenyewe halikuwa la kila upande. Hadhira ya sinemani ilimwona na kumsikia fanani. Fanani hakuiona wala kuisikia. Kicheko, kikohozi, ukimya wa ghafla, mambo ambayo mwigizaji hupimia mwendo wake, vilimfikia kutoka viti vya Lyttelton tu. Ndiyo kusema kulikuwa na hadhira ya kwanza, iliyoshiriki kuliunda onyesho, na hadhira ya pili, iliyoshuhudia onyesho lililokwisha kuundwa kwa msaada wa wengine. Katika majumba kadhaa ya sinema, maonyesho ya aina hii yanapomalizika, watu hupiga makofi mbele ya kiwambo. Makofi hayo hayamfikii mwigizaji. Yanawafikia walioketi kando, na kwa hiyo hayakosi maana: ni dalili kwamba kundi la wageni limejitambua kuwa hadhira.

Kutokana na uchambuzi huu, jibu la swali lililoulizwa mwanzoni linaanza kuonekana. Mtazamaji wa sinemani alikuwa na mambo manne kamili kati ya sita, jambo la tano alilipata kwa badala, na la sita kwa nusu. Huo ni upungufu, lakini ni upungufu wa utendaji, na si kutokuwapo kwake. Majumba yaliyoonyesha marudio siku za baadaye yalipoteza pia wakati, na hapo ndipo kilichobaki kilipokaribia kuwa filamu.

Baada ya 2009

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba tanzia ndiyo iliyovutia hadhira kubwa katika mfumo huu. King Lear ya Derek Jacobi ilirushwa Februari 2011 kutoka ukumbi wa Donmar, wenye viti takriban 250 tu, na Coriolanus ikarushwa kutoka ukumbi huohuo Januari 2014. Macbeth ya Kenneth Branagh ilirushwa Julai 2013 kutoka ndani ya kanisa la zamani mjini Manchester. Tarehe 15 Oktoba 2015 Hamlet ya Benedict Cumberbatch ilirushwa kutoka ukumbi wa Barbican, ambao tiketi zake zilikuwa zimekwisha zaidi ya mwaka mmoja kabla, na watazamaji wa sinemani usiku huo walizidi 200,000. Kwa watu hao, mjadala wa iwapo sinema ni bora au duni kuliko ukumbi haukuwa na maana ya vitendo. Ukumbi haukuwa na nafasi yao.

Walikuwako waliohofu kwamba majumba ya tamthilia ya mikoani yangekosa watu, kwa kuwa nyota wa London sasa wangepatikana kwa bei ya sinema. Utafiti wa NESTA wa mwaka 2014 haukuona kuwa mahudhurio yalikuwa yamepungua kwa sababu hiyo. Hofu nyingine haipimiki kwa hesabu za tiketi: kwamba tamthilia zenye majina makubwa na waigizaji mashuhuri ndizo zitakazorushwa, na kwamba umma wa mbali utazoea kuiona sanaa ya jukwaani kama kitu kinachotoka mji mmoja na kushuka kwingineko.

Mwaka 2020 maradhi ya UVIKO-19 yalizifunga kumbi na sinema kwa pamoja. Kuanzia Aprili, National Theatre ilionyesha rekodi zake kwa intaneti, na watu wakazitazama majumbani mwao, kila mmoja au kila familia peke yake. Mwaka uliofuata jambo lisilo la kawaida lilitokea katika ukumbi uleule wa Lyttelton. Romeo and Juliet, iliyokusudiwa kuigizwa mbele ya watu, ilipigwa picha ndani ya ukumbi mtupu kwa siku 17, ikaonyeshwa kwa televisheni Aprili 2021. Ukumbi uliotoa tanzia ya kwanza yenye hadhira mbili, miaka kumi na miwili baadaye ulitoa tanzia isiyokuwa na hadhira yoyote wakati wa kutendwa. Kazi hiyo ilisifiwa, lakini ilisifiwa kama filamu. Kilichokuwa kimeondolewa kilikuwa ile hadhira ya kwanza, na kuondolewa kwake kulidhihirisha kuwa hata watazamaji wa sinemani walikuwa wakiitegemea.

Tanzia hizi katika Kiswahili

Uhusiano wa mambo haya na Kiswahili haukomei katika nadharia. Tanzia za jadi ya Ulaya zilikwisha kuingia katika lugha hii zamani. Julius K. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na tanzia ya Sophocles, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Katika kipindi hichohicho Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mwaka 1969, kazi ambayo wahakiki wengi wameihesabu miongoni mwa tanzia za Kiswahili. Kwa wasomaji wengi tafsiri hizo zimekuwa vitabu vya kabati na vya darasani kuliko maonyesho. Kiswahili kilipopanda jukwaa la Globe, jijini London, Aprili 2012, katika tamasha lililokusanya tamthilia za Shakespeare kwa lugha mbalimbali, kilipanda na ramsa, The Merry Wives of Windsor, wala si tanzia.

Ilhali tanzia hizo zina sifa ileile iliyoifanya Phèdre ivuke salama. Katika Mfalme Edipode, kifo cha malkia na kujipofua kwa mfalme havitendwi machoni pa watu. Mjumbe hutoka na kuvisimulia. Katika Makbeth, mauaji ya Mfalme Duncan hufanyika nje ya jukwaa, na hadhira huyaona katika maneno na mikono ya waliotoka kuyafanya. Lugha yenye jadi ndefu ya tendi na ngano, ambamo msimulizi mmoja huweza kuliweka jeshi zima mbele ya wasikilizaji, haihitaji kukopa uwezo wa kuyabeba masimulizi kama hayo.

Pamoja na hayo, mfumo wa London hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo. Hadhira ya tanzia ya Racine imefundishwa kunyamaza, na kwa hiyo kilichopotea kwa kukatwa kwa sauti yake kilikuwa kidogo. Hadhira ya Afrika Mashariki imezoea kuitikia. Katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda, filamu za kigeni zilipata wasimulizi waliosimama kati ya kiwambo na watu, wakazieleza kwa lugha ya wenyeji, wakatania, wakajibiwa. Watu hao hawakuwa na setilaiti, lakini waliirudishia picha iliyorekodiwa jambo ambalo setilaiti ilishindwa kulivusha: fanani anayeisikia hadhira yake. Mwanataaluma anayewadharau kwa sababu ya filamu walizozisimulia ataikosa sehemu muhimu ya historia ya utendaji.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaanzia katika nyaya za simu za 1881, inapita katika nakala zilizoamriwa kuharibiwa mwaka 1964, na kufika katika usiku mmoja wa Juni 2009 ambapo tamthilia ya karne ya 17 iliwafikia kwa pamoja watu wengi kuliko walioweza kuingia katika ukumbi wowote wa zama za Racine. Katika safari hiyo yote kilichotafutwa ni kimoja, yaani kuwapo mahali ambapo mtu hayupo. Mitambo imefaulu kuupeleka uso na sauti ya fanani. Imefaulu pia, pale urushaji ulipokuwa wa moja kwa moja, kuulinda wakati. Haijafaulu kuirudisha kwa fanani pumzi ya hadhira iliyo mbali.

Tanzia iliufaa mfumo huu kwa sababu nguvu zake zilikuwa katika usimulizi tangu awali. Anayekufa hufia nje, na mtu huja kusema. Wanafunzi wa Kiswahili wanaosoma Mfalme Edipode au Kinjeketile leo kama matini za mtihani wanashika mikononi mwao kazi zilizotungwa kwa ajili ya tendo hilo la mtu kuja kusema mbele ya watu. Siku kazi hizo zitakaporushwa kutoka ukumbi wa Dar es Salaam au Nairobi hadi miji mingine, suala la kamera na setilaiti litakuwa jepesi kulitatua. Litakalohitaji fikra za wataalamu wa lugha hii ni namna ya kuwawezesha walio mbali waitikie, na wasikiwe.